Mkaguzi, daftari lake, na daraja la Quebec

Najua nimepotea. Wapo walioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, mmoja akauliza kama nimeoa. Yote mawili hapana. Nilikuwa nasoma, na nilichokuwa nasoma ni habari za daraja moja la reli lililoanguka nchini Kanada mwaka 1907. Ngoja nieleze nilifikaje huko, maana mimi si mhandisi na hesabu nilizikimbia tangu kidato cha nne.

Mwaka juzi mhariri alinituma wilaya moja ya nyanda za juu kusini kuandika habari ya kivuko cha waenda kwa miguu. Kilikuwa kinajengwa juu ya mto ambao kila masika ulikuwa ukibeba magogo ambayo wananchi walikuwa wakiyalaza ili wavuke. Watoto wa shule ng'ambo ya pili walikuwa wanakaa nyumbani wiki nzima mto ukijaa. Kwa hiyo habari ilikuwa nzuri, na mimi nilifika nikiwa na kichwa cha habari tayari mfukoni. Mnakijua, maana mmekisoma mara mia: "Wananchi waondokana na adha ya kuvuka mto."

Pale saiti nilimkuta mzee mmoja amekaa juu ya tofali, daftari gumu mapajani, kalamu sikioni. Huyu ndiye alikuwa mkaguzi wa kazi. Fundi mchundo mstaafu, ameajiriwa kwa mkataba wa miezi michache awe jicho la mwenye mradi: kuangalia nondo kabla hazijafunikwa, kuangalia kama zile biskuti zinazoinua nondo kutoka kwenye mbao zimewekwa, kuhesabu mifuko ya saruji inayoingia kwenye mashine, na kujaza zege kwenye vile visanduku vya chuma vya kupimia. Kama hamjui, zege la kila sehemu muhimu huchukuliwa sampuli, ikakauka ikawa mchemraba, ikazamishwa majini, kisha ikapasuliwa kwa mashine maabara, nyingine siku ya 7 na nyingine siku ya 28. Ikipasuka mapema kuliko inavyotakiwa, lile zege lililokwisha kumwagwa darajani nalo lina kesi ya kujibu.

Nilimsalimia shikamoo, akaniitikia, akaniuliza kama nimekuja kupiga picha au kuandika. Nikasema yote. Akacheka. Tukaongea karibu saa nzima, na mwisho akanifungulia daftari. Kulikuwa na ukurasa alioandika kwa kalamu nyekundu: zege la nguzo ya upande wa pili, majibu ya siku ya 28 hayajaonekana, mbao zimeondolewa, mzigo umewekwa. Nikamuuliza, "Sasa mzee, hukuwasimamisha?"

"Mwanangu," akasema, "mimi naandika. Kusimamisha si kazi yangu. Anayesimamisha yuko mkoani, na simu yake leo haipatikani."

Sikuliandika hilo. Naomba mnielewe, sisemi kulikuwa na ubaya wowote kwenye lile zege, huenda majibu yalikuja yakawa safi kabisa. Nasema tu kwamba niliambiwa jambo na mtu aliyelipwa kulijua, nikarudi mjini nikaandika wananchi wameondokana na adha. Ilitoka ukurasa wa saba, na picha.

Lile jibu lake halikunitoka kichwani, ndipo nikaanza kutafuta: hivi imewahi kutokea mkaguzi akaona, akaandika, na daraja likaanguka hivyo hivyo? Imetokea, na tena kwa namna ambayo ukiisoma usiku hulali.

Haya, tuhamie Quebec.

Mji wa Quebec uko kando ya mto St. Lawrence, mto mpana, wenye maji ya kasi, na wakati wa baridi unajaa barafu. Watu wa mji ule walikuwa wanaona biashara inakwenda Montreal wao wakibaki pembeni kwa kukosa daraja la reli. Kampuni ya daraja iliundwa, fedha zikatafutwa kwa shida miaka na miaka, na hatimaye kazi ya chuma ikapewa kampuni ya Phoenix Bridge iliyokuwa Phoenixville, Pennsylvania, Marekani. Muundo wake ulikuwa wa mikono miwili mikubwa ya chuma, kila mmoja unatokeza kutoka upande wake wa mto bila nguzo chini yake, hadi ikutane katikati. Mwanzoni nafasi kati ya nguzo kuu mbili ilipangwa iwe futi 1,600. Mwaka 1900 ikaongezwa kuwa futi 1,800, yaani kama mita 549. Hakuna daraja duniani lililokuwa na nafasi ndefu kama hiyo wakati ule.

Mhandisi mshauri alikuwa Theodore Cooper wa New York, mmoja wa majina makubwa kabisa ya fani hiyo Marekani. Na hapa kuna jambo ambalo mimi binafsi lilinigusa kuliko mengine. Huyu Cooper mwenyewe alianza kama mkaguzi! Katika miaka ya 1870, James Eads alipokuwa anajenga daraja lake maarufu la chuma huko St. Louis, Cooper ndiye aliyekuwa akimsimamia kazi ya kuunganisha matao. Siku moja aliteleza akaanguka mtoni kutoka juu, akaogelea, akatoka mzima. Na mwaka 1874 alipogundua kwamba mabomba ya chuma ya tao yameanza kupasuka, alimpelekea Eads telegramu usiku wa manane. Eads akajibu nini kifanyike, kikafanyika, na lile daraja lipo hadi leo. Kwa hiyo kama kuna mtu duniani aliyejua thamani ya kijana anayesimama juu ya chuma na kutuma habari kwa bosi kabla hakujakucha, ni Cooper.

Lakini Quebec Cooper alikuwa mzee, afya si nzuri. Mara ya mwisho kukanyaga saiti ilikuwa Mei 1903, kabla chuma cha daraja lenyewe hakijaanza kusimama. Kuanzia hapo alisimamia daraja refu kuliko yote duniani akiwa ofisini kwake New York, kwa barua na kwa telegramu. Mwaka huo huo wa 1903 wahandisi wa serikali ya Kanada walitaka michoro ipitiwe na mtu mwingine huru. Cooper alikasirika. Aliona ni kudharauliwa. Akafunga safari hadi Ottawa, na mambo yakaishia kwamba saini yake ndiyo yenye neno la mwisho, serikali ikabaki kugonga muhuri. Alilipwa kidogo pia, chini ya dola 4,000 kwa mwaka, na alilalamika kwamba hata wasaidizi hawezi kuajiri.

Kosa kubwa lilikuwa limekwisha kufanyika kimya kimya. Nafasi ilipoongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800, uzito wa daraja haukupigiwa hesabu upya inavyostahili. Mwaka 1906 vyuma vilivyokuwa vinatoka kiwandani vilipopimwa ikaonekana daraja ni zito kuliko ilivyokadiriwa. Cooper alikubali kwamba nguvu inayokandamiza vyuma imezidi kwa kama asilimia 7 hadi 10, akasema itavumilika. Wakati huo sehemu kubwa ya chuma ilikuwa imeshakatwa na nyingine imeshafungwa. Kusema "tuanze upya" kungekuwa na gharama ambayo hakuna aliyetaka hata kuitamka.

Sasa aje kijana wetu. Anaitwa Norman McLure, amehitimu Princeton mwaka 1904, na Cooper amemweka pale Quebec awe macho yake. Alijua kazi na aliandika kila kitu. Lakini hakuwa na amri ya kusimamisha kazi. Mhandisi mkuu wa kampuni ya daraja, Edward Hoare, alikuwa na cheo cha kusimamisha ila hakuwa na uzoefu wa madaraja makubwa kama lile, hivyo kila jambo la kitaalamu alilisukuma kwa Cooper. Kampuni ya Phoenix ilikuwa na mhandisi wake pale pale, Arthur Birks, na msimamizi mkuu wa mafundi, Benjamin Yenser. Ukihesabu vyeo, saiti ilijaa wakubwa. Ukitafuta mtu mmoja mwenye ujuzi na amri kwa pamoja, humpati.

Kiangazi cha 1907 matundu ya ribiti yakaanza kukataa kulingana. Mihimili ya chini, ile inayobeba mgandamizo wote wa mkono wa daraja, ilianza kupinda. Mwanzoni mwa Agosti McLure akamwandikia Cooper kwamba mihimili miwili imepinda. Cooper akauliza kwa telegramu: imepindaje? Phoenix wakajibu kwamba ilitoka kiwandani ikiwa hivyo hivyo. Cooper hakuridhika na hilo jibu, barua zikaenda na kurudi, kila moja ikichukua siku zake, na huku kazi inaendelea, kila siku chuma kingine kinaongezwa juu. Tarehe 20 Agosti mihimili mingine ikaonekana imepinda.

Jumanne ya tarehe 27 McLure na mkaguzi mwingine aitwaye Kinloch walipima mhimili mmoja upande wa kusini. Wiki moja nyuma ulikuwa umepinda kama robo tatu ya inchi. Siku hiyo ulikuwa inchi mbili na robo, kama sentimita 6 kasoro kidogo. Hebu fikiria, chuma chenye urefu wa mita 17, kimetengenezwa kwa mabamba yaliyopangwa, kinapinda sentimita 4 zaidi ndani ya wiki.

Hapo mabishano yakaanza. Kinloch akasema hii imepinda sasa hivi. Birks akasema hapana, lazima ilikuwa hivyo tangu mwanzo, hesabu haziruhusu ipinde. Yenser aliingiwa na hofu akasema atasimamisha. Kesho yake akabadilisha mawazo, kazi ikaendelea. Hoare hakutaka kuamua, wakakubaliana McLure apande treni aende New York amweleze Cooper ana kwa ana.

Treni, jamani! Simu zilikuwapo mwaka 1907, na telegramu ndiyo iliyokuwa ikitumika kila siku kati ya ofisi hizi. Lakini kijana aliona jambo ni zito mno kuliandika kwa maneno kumi, bora akalieleze kwa mdomo na kwa michoro. Mimi nilipofika hapa nilimkasirikia, kisha nikajikumbuka na ukurasa wangu wa saba.

Alhamisi ya tarehe 29 Agosti asubuhi McLure akaingia ofisini kwa Cooper. Mzee alisikiliza, akaelewa mara moja. Saa 6 na dakika 16 mchana akatuma telegramu kwamba mzigo wowote usiongezwe juu ya daraja mpaka mambo yaangaliwe. Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yakihitajika. Aliyatuma wapi? Phoenixville, makao makuu ya kampuni, kwa kuwa kwa utaratibu wake wenye kuwaamuru mafundi walikuwa huko. Quebec kwenyewe, kwenye watu juu ya chuma, hakutuma. McLure alikubali kuwapelekea telegramu yeye, lakini alikuwa anakimbilia treni ya kwenda Phoenixville na hakuituma.

John Deans, mhandisi mkuu wa Phoenix, aliisoma alasiri. Hakuipeleka mbele. McLure akafika saa 11 jioni, wakakaa kikao, wakazungumza, wakaona wasubiri barua ya Birks itakayofika asubuhi, halafu ndipo waamue.

Quebec muda huo mafundi walikuwa wanakusanya vifaa. Siku ya kazi imeisha. Saa 11 na dakika 37 jioni ule mhimili ukakatika, wa pili yake ukafuata, na mkono mzima wa kusini wa daraja, tani 19,000 za chuma, ukalala chini ndani ya sekunde kama 15. Mlio wake ulisikika mjini Quebec, kilomita 10 hivi kutoka pale. Juu ya daraja walikuwapo watu 86. Walikufa 75. Birks na Yenser ni miongoni mwao.

Kati ya hao 75, 33 walitoka kijiji kimoja. Ni Wamohawk wa Kahnawake, karibu na Montreal, watu wenyeji wa nchi ile ambao wanaume wao walijijengea jina kwa kufunga chuma juu sana. Wanaume 33 kutoka jamii moja, jioni moja. Makaburini Kahnawake misalaba yao ilitengenezwa kwa mihimili ya chuma. Na inasimuliwa kwamba tangu hapo kinamama wa Kahnawake walikataa katakata wanaume wote kwenda kazi moja, wakataka wagawanyike saiti mbalimbali, ili likianguka daraja lisianguke na kijiji. Sina haja ya kutia chumvi kwenye maneno hayo.

Tume ya uchunguzi ya watu watatu, ikiongozwa na Henry Holgate, ilitoa ripoti mwaka 1908. Mzigo wa lawama waliutupa kwa Cooper na kwa mbunifu wa Phoenix, Peter Szlapka, kwa kosa la usanifu: ile mihimili ya chini ilikuwa dhaifu, hasa vyuma vidogo vilivyoifunga pamoja. Lakini walisema pia kwamba mtu mwenye uwezo wa kutosha kuachwa bila kuwapo pale saiti lilikuwa kosa. Cooper aliishia hapo kikazi. Daraja likajengwa upya kwa muundo mwingine mzito zaidi, na tarehe 11 Septemba 1916 kipande cha katikati kikadondoka mtoni wakati kinainuliwa, wakafa wengine 13. Likamalizika 1917. Lipo hadi leo, treni zinapita, na nafasi yake ya mita 549 bado ndiyo ndefu kuliko zote kwa madaraja ya aina ile.

(Kidogo pembeni: huenda mmewahi kusikia kwamba wahandisi wa Kanada huvaa pete ya chuma kidoleni na kwamba chuma hicho kilitoka kwenye daraja lililoanguka. Pete ni kweli, desturi ilianza 1925 na maneno ya kiapo aliyatunga Rudyard Kipling. Hiyo ya chuma cha daraja ni hadithi tu ya vijiweni.)

Sasa utaniambia, hayo ni ya 1907, leo kuna barua pepe, WhatsApp, kompyuta zinazopiga hesabu zenyewe. Mimi pia nilijiambia hivyo. Halafu nikakutana na habari ya Miami, Marekani, na hii ni ya majuzi tu, na ni ya daraja la waenda kwa miguu kama kile kivuko changu.

Tarehe 10 Machi 2018 kipande cha zege cha urefu wa mita 53, uzito tani 950, kilisogezwa na kuwekwa juu ya barabara kubwa karibu na chuo kikuu cha Florida International. Kilijengwa pembeni kisha kikahamishwa kikiwa kizima, watu wakashangilia, wakuu wakapongezana. Nyufa zilikuwa zimeshaonekana. Baada ya kuhamishwa zikakua. Zilipigwa picha, zikapimwa, zikatumwa kwa barua pepe. Zilikuwa nyufa ambazo mkono wa mtu mzima unaingiza rula. Tarehe 13 mhandisi wa usanifu alimpigia ofisa wa idara ya barabara ya jimbo, akaacha ujumbe wa sauti kuhusu nyufa hizo, akisema kwa upande wa usalama hazoni tatizo. Ofisa alikuwa safarini. Aliusikiliza tarehe 16.

Tarehe 15 Machi asubuhi, na hiyo nayo ilikuwa Alhamisi, walikaa kikao: wasanifu, mkandarasi, kampuni ya ukaguzi wa ujenzi, watu wa chuo na wa jimbo. Kampuni ya ukaguzi iliuliza kama kuna haja ya kuweka nguzo za muda chini. Wasanifu wakajibu haina haja. Kikao kikaisha. Barabara haikufungwa. Saa 7 na dakika 46 mchana, wakati mafundi wanakaza tena vyuma vya ndani kwenye ile sehemu yenye nyufa, daraja lilianguka juu ya magari yaliyosimama kwenye taa. Watu 6 walikufa, mmoja wao fundi.

Bodi ya taifa ya usalama wa usafiri ya Marekani ilipomaliza uchunguzi Oktoba 2019, ilikuta makosa ya hesabu kwenye usanifu, na ikakuta kwamba aliyepewa kazi ya kuhakiki hesabu hizo kwa uhuru hakuangalia hatua za ujenzi, aliangalia daraja likiwa limekamilika tu. Kisha ikasema jambo lililonirudisha kwa yule mzee na daftari lake. Ilisema kila mmoja kati ya wale waliokaa kikaoni, mkaguzi akiwamo, alikuwa na uwezo wa kutaka kazi isimame na barabara ifungwe. Hakuna aliyetaka. Kila mmoja alimwangalia msanifu, na msanifu alikuwa ndiye mwenye kosa.

Unaona tofauti? McLure hakuwa na amri. Wa Miami walikuwa nayo, ikakaa mfukoni.

Kuna wakati nilifikiri suala hili lote ni la sheria tu, kwamba ikiandikwa vizuri litaisha. Na sheria husaidia, sibishi. Marekani ilipoteza watu 46 tarehe 15 Desemba 1967 Silver Bridge lilipoanguka kwenye mto Ohio kwa sababu ya ufa mmoja mdogo, wa kama milimita mbili na nusu, kwenye chuma kimoja tu. Hilo ndilo lililowasukuma kuweka viwango vya taifa vya kukagua madaraja yanayotumika, ambavyo vilianza kazi 1971. Lakini daraja linalotumika lina nafuu moja: hakuna anayeharakisha kulimaliza. Daraja linalojengwa lina tarehe ya ufunguzi, lina mgeni rasmi, lina mkandarasi anayedai malipo na mashine za kukodi zinazohesabiwa kwa saa. Lina na mwandishi mwenye kichwa cha habari mfukoni.

Mwezi uliopita nilimpigia yule mzee. Mkataba wake uliisha, yuko kwake analima viazi. Nikamsimulia habari ya McLure yote, na treni, na telegramu. Alisikiliza kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Ile telegramu ilikwenda wapi?"

"Phoenixville, mzee. Makao makuu."

"Na saiti?"

"Haikwenda."

Akasema "Mh." Halafu akaniambia jambo ambalo siku ile sikulifahamu. Kila ukurasa wa lile daftari ulikuwa na nakala tatu. Ya kwanza ilikwenda kwa mkandarasi, ya pili kwa mhandisi mshauri, ya tatu ikabaki humo humo, na daftari lenyewe alilikabidhi ofisini mradi ulipoisha, akasainiwa kupokelewa. Majibu ya siku ya 28 ya ile nguzo, anasema, hadi anakabidhi hakuwa ameyaona kwa macho yake. Aliambiwa kwa mdomo kwamba yako sawa. "Huenda yako sawa," akasema. "Mimi nilitaka karatasi."

Nimekwenda ofisi inayohusika kuomba kuona majibu hayo. Wamenipokea vizuri, wakaniambia nilete barua, nieleze mimi ni nani na nayataka ya nini. Nimeandika, nimeipeleka kwa mkono, nakala yangu imegongwa muhuri wa tarehe 4. Sijaandika kama mwandishi wa gazeti, nimeandika kama mtu aliyevuka hapo. Maana nimekwenda tena, wiki mbili zilizopita. Mto ulikuwa umejaa. Nilisimama ukingoni kama dakika kumi nikawaangalia watoto wa shule wanavuka kwa vikundi, wengine wanaruka ruka katikati ili wasikie kinavyotikisika. Kisha na mimi nikavuka.

Barua ikijibiwa nitawaandikia hapa hapa. Isipojibiwa pia nitawaandikia.